Mguu umeunga, mifupa imepungua: je, nirudi kuteleza kwenye theluji?

SWALI

Assalaam alaykum dada, na shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 57, mzaliwa wa Tanga. Niko Innsbruck, Austria, tangu 1994. Nimeolewa huku, watoto nimewazalia huku, na sasa nina mjukuu wa kike wa miaka sita. Mume wangu ni mtu wa Tirol, mkoa wetu huu wa milima, na kwa watu wa Tirol mtoto huvishwa mbao za skii akiwa bado hajajua kufunga vifungo vya koti lake. Mimi nilianza nikiwa na miaka 28, nikianguka mbele ya watoto waliokuwa wakinipita kama kumbikumbi. Miaka mitatu ya kwanza nilichukia kila kitu: baridi, viatu vigumu kama sanduku, na aibu. Kisha asubuhi moja pale Patscherkofel, mlima ulio juu ya mji wetu, miguu ikaelewa yenyewe. Waliokulia baharini watanielewa. Kuna siku mtoto huacha kupigana na maji, na maji yakambeba. Mimi theluji ilinibeba siku ile, na tangu hapo kila msimu nilikuwa juu.

Februari mwaka huu nilianguka. Si kwa kasi, dada, na hilo ndilo linaloniumiza. Siku ilikuwa imekwisha, nimeshashuka salama, niko pale tambarare karibu na foleni ya lifti, kwa mwendo wa mtu anayetembea sokoni. Ncha za mbao zikapishana, mwili ukageuka, ubao wa kushoto ukagoma kufunguka. Nikasikia sauti kama ya kijiti kikavu. Mfupa wa muundi ulivunjika pale juu kabisa, ndani ya goti. Nilipasuliwa siku ya pili, nikawekewa chuma na skrubu 7, na wiki 10 sikuruhusiwa kuukanyagia mguu ule.

Daktari aliyenipasua alinijia kitandani akaniambia kwamba skrubu hazikuuma mfupa kama alivyotarajia. Akanipeleka kwenye kipimo cha DEXA, kile cha kupima uzito wa mifupa. Majibu yakaja: uti wa mgongo hasi 2.8, nyonga hasi 2.4. Osteoporosisi, yaani mifupa imekuwa dhaifu. Siku hiyo hiyo walinipima urefu, nikawa na sentimita 161, na nilipofika nyumbani nikaangalia kadi yangu ya kliniki ya ujauzito ya 1996, imeandikwa 165. Nikadhani mmoja kati yao alikosea. Nilishangaa kwa sababu siku zote nimesikia kwamba sisi watu weusi mifupa yetu ni mizito. Hedhi yangu ilikoma nikiwa na miaka 47, na katika miaka kumi hiyo hakuna daktari hata mmoja aliyenitajia kipimo cha mifupa.

Sasa ni Novemba. Picha ya mwisho imeonyesha mfupa umeunga. Natembea bila gongo, ngazi napanda vizuri, ingawa kushuka bado nashika ukuta. Fizio, yaani mazoezi ya tiba, nilihudhuria mpaka Julai, nikaacha kwa kuona nimepona. Vidonge vya mifupa, vile vya mara moja kwa wiki, viko kwenye droo. Nilisoma kwamba vinaozesha taya, nikaogopa. Maziwa yananivuruga tumbo.

Mjukuu wangu amebandika ukutani picha ya Sabrina Simader, yule binti aliyezaliwa Kenya akakulia Austria, akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018. Kila nikienda kwao ananiambia, "Bibi, Krismasi hii tunashuka wote." Nilimwahidi tangu akiwa na miaka minne. Mume wangu ananitia moyo, ananikumbusha Hermann Maier, bingwa wa skii wa Austria, aliyerudi akashinda baada ya mguu wake kusagika. Dada yangu wa Tanga, aliyenizidi miaka sita, yeye akinipigia simu ni kilio. Ananikumbusha mama yetu: alipinda mgongo uzeeni, mwisho akaanguka uani akitoka msalani, akavunjika nyonga, hakuinuka tena. Dada anasema Mungu ameshanionya, niachane na michezo ya watu wa baridi.

Niambie ukweli. Nirudi au nisirudi? Lini? Na chuma hiki nikitoe kwanza?

Wako, Bibi wa Innsbruck

JIBU

Wa alaykum salaam, mdogo wangu, na marahaba. Pole sana kwa maumivu, na pole zaidi kwa huko kuvutwa mikono miwili, mmoja wa mume na mmoja wa dada.

Nimefanya kazi ya fizio miaka 26 huku Munich, kama saa mbili kwa treni kutoka kwako, na kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka wodi yetu hujaa magoti kama lako. Mimi si daktari wako na picha zako sijaziona, kwa hiyo haya niliyoandika yapeleke kwake mkayapitie pamoja. Ila umeniomba ukweli. Krismasi hii, hapana. Mwezi wa Machi, huenda, ukitimiza mambo nitakayokueleza. Na kuacha kabisa maisha yako yote, sioni sababu.

Barua yako yote inazungumzia goti. Vidonge umevipa mstari mmoja, tena wa kupita njia. Mimi nilipofika kwenye mstari huo nikaweka karatasi mezani.

Tazama ulivyovunjika. Mwendo wa mtu anayetembea sokoni, umesema mwenyewe. Mfupa wenye afya hauvunjiki ndani ya goti kwa mwendo huo kirahisi hivyo. Alama ile ya DEXA inaulinganisha mfupa wako na wa mwanamke kijana: mpaka hasi 1 ni sawa, kati ya hasi 1 na hasi 2.5 mfupa umepungua, kuanzia hasi 2.5 kwenda chini ndiyo osteoporosisi. Wewe una hasi 2.8 mgongoni. Daktari wako alikuwa ameshalijua hilo kabla ya mashine, kwa mkono wake, pale skrubu ilipozunguka bila kuuma. Na kipimo kile kinapima mgongo na nyonga, hakikugusa muundi wako. Mguu uliokaa wiki 10 bila kubeba mwili umepoteza mfupa zaidi ya huo, na mfupa huondoka upesi, kurudi kwake ni kwa kuchelewa. Kwa hiyo una mambo mawili: mguu uliotengenezwa, na mwili mzima ambao haujaanza kutibiwa. Picha iliyoonyesha mfupa umeunga imejibu la kwanza tu.

Kisha kuna hizo sentimita nne. Hakuna aliyekosea, mdogo wangu. Kliniki ilikupima sawa na hospitali imekupima sawa. Mwanamke wa umri wako akipungua sentimita nne, yafaa uti wa mgongo upigwe picha, maana pingili za mgongo huweza kubonyea kimya kimya, mtu akadhani ni uchovu au godoro bovu. Omba picha hiyo kabla ya kuzungumzia theluji. Ikionekana kuna pingili iliyobonyea, dawa yenyewe huenda ikabadilika, na hata tarehe ninazokupa hapa zitasogea mbele.

Na mama yako, Mungu amrehemu, alipinda mgongo kisha akavunjika nyonga. Sisi tulikuwa tukisema ni uzee. Leo daktari akitaka kukadiria hatari ya mtu kuvunjika, moja ya maswali anayouliza ni kama mzazi wake aliwahi kuvunjika nyonga. Mwambie habari ya mama. Usiione ni hadithi ya nyumbani isiyomhusu.

Kuhusu hilo la watu weusi kuwa na mifupa mizito: kwa wastani ni kweli, na ndilo linalotuponza. Wastani hauko mwilini mwa mtu. Kwa sababu ya wastani huo wanawake wetu hupelekwa kupimwa mara chache, na wengi hugundulika kama wewe, wakiwa tayari kwenye meza ya upasuaji. Ongeza hapo kwamba ngozi yenye weusi huhitaji jua zaidi kutengeneza vitamini D, na jua la Innsbruck wakati wa baridi halitoshi kwa kazi hiyo, sembuse kwa mwanamke anayejisitiri. Ongeza tena kukoma hedhi: katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo baada ya hapo mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake. Umepita kipindi hicho chote bila mtu kukuangalia. Nakuelewa ukiwa na hasira.

Sasa hilo la taya. Si uongo, lipo. Lakini kwa dozi ya kutibu mifupa ni nadra mno; wengi waliopatwa walikuwa wagonjwa wa saratani wanaopewa dozi kubwa na za mara kwa mara. Njia ya kujikinga ni kwenda kwa daktari wa meno kwanza, ang'oe cha kung'olewa na azibe cha kuzibwa, halafu uanze. Lingine la kujua ni kwamba wachache waliotumia dawa hizi kwa miaka mingi hupata ufa kwenye mfupa wa paja, na dalili yake ni maumivu ya paja au kinena yasiyo na sababu. Ukiyasikia, usikae nayo. Ndiyo maana baada ya miaka kama mitano daktari hukaa na mgonjwa kuamua kama apumzike. Nakutajia haya yote ili hofu yako iwe na kipimo chake. Pima hofu ya taya mkononi huu, na nyonga ya mama mkononi huu.

Kidonge cha wiki kina adabu yake: unakimeza asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, si chai wala maziwa, kisha unakaa wima au kusimama nusu saa kabla ya kula na bila kurudi kulala, kisije kikaunguza koo. Chagua siku moja ya wiki usiyoisahau. Ramadhani unaweza kumwuliza mfamasia kuhusu kukimeza wakati wa magharibi, maji kwanza, tende baada ya nusu saa. Kama tumbo lako linagoma, ipo dripu ya mara moja kwa mwaka, asidi ya zoledroniki miligramu 5; katika utafiti mkubwa uliotoka 2007 ilipunguza kuvunjika kwa pingili za mgongo kwa asilimia 70 na nyonga kwa asilimia 41. Kabla yake figo, kalsiamu na vitamini D lazima vipimwe. Na kama daktari atachagua sindano ya kila miezi sita, denosumabu, usiiache kiholela hata ukiwa safarini Tanga. Ikikatishwa ghafla pasipo dawa ya kuipokea, pingili za mgongo huweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo. Nimeona mama mmoja aliyekosa sindano kwa sababu ya msiba nyumbani, akarudi ameinama. Nisingependa kuona tena.

Chakula hakitaziba pengo la dawa, ila bila chakula dawa haina tofali za kujengea. Unahitaji kama miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Maziwa yanakuvuruga? Jibini gumu la milimani hapo Tirol, lililokaa miezi, sukari ya maziwa imeshakwisha ndani yake, na wengi wenye tumbo kama lako hulila bila shida. Mtindi pia. Dagaa wakavu unaowala na miba yao. Uji wa ulezi, ambao unga wake una zaidi ya miligramu 300 kwa kila gramu 100. Mchicha ni mzuri kwa mengine, lakini kalsiamu yake mwili hauipati vizuri. Sukuma wiki inaipita mbali. Vitamini D chukua kwa kipimo cha damu, si kwa kukisia.

Turudi kwenye mguu. Umeandika kwamba ngazi unapanda vizuri lakini kushuka unashika ukuta. Hapo umejijibu mwenyewe kuhusu Krismasi. Kuteleza kwa skii ni kushuka ngazi kwa saa nzima. Msuli wa mbele wa paja unafanya kazi huku ukirefuka, unazuia uzito usikuporomoshe, na ndio msuli unaochelewa kurudi kuliko yote baada ya goti kupasuliwa. Uliacha fizio Julai kwa sababu kutembea kulikuwa kumerudi. Wengi huacha hapo hapo. Rudi wiki hii.

Nitakueleza ninachotaka kukiona kwa mgonjwa wangu kabla sijamwachia mbao. Ashuke ngazi polepole, mikono kifuani, mara kumi, na kesho yake goti lisivimbe. Ainuke kwenye kiti cha kawaida kwa mguu ule mmoja bila kujisukuma kwa mikono. Asimame kwa mguu ule nusu dakika, kisha afumbe macho asimame tena, maana siku ya ukungu mlimani macho hayana msaada. Goti linyooke mpaka mwisho. Na kwenye mashine ya kupimia nguvu, mguu uliopasuliwa ufikie asilimia 90 ya mwenzake. Mtu aliyekuwa akifanya mazoezi maisha yake yote hufika hapo, ila kwa miezi, na miezi yako ya Agosti mpaka sasa imepotea.

Mazoezi yenyewe yasiwe ya kujibembeleza. Kutembea kunafaa moyo, lakini mfupa wa mgongo na nyonga hujibu mzigo. Huko Australia wanawake 101 waliokoma hedhi na wenye mifupa iliyopungua waligawanywa, wengine wakawa wananyanyua vyuma vizito na kuruka, nusu saa, mara mbili kwa wiki, kwa miezi minane. Mifupa ya uti wa mgongo wao iliongezeka, wakati ya wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani ilipungua. Lakini walisimamiwa na mtaalamu hatua kwa hatua. Usianze peke yako sebuleni, na usianze kabla mgongo haujapigwa picha. Mpaka hapo, mazoezi ya kujikunja tumbo ukiwa umelala chali yaache, na ukifunga viatu vya skii keti, usiiname na mgongo uliopinda. Wengi huwaza kuanguka na kusahau kwamba pingili huweza kubonyea kwa kuinama kwenye maegesho ya magari.

Sasa vifungio, vile vinavyoshika kiatu kwenye ubao. Ubao wa kushoto uligoma kufunguka, umesema. Nakuuliza: namba ya vifungio vyako ilirekebishwa lini mara ya mwisho? Namba ile hutoka kwenye jedwali: uzito, urefu, aina ya mtelezaji, urefu wa soli ya kiatu kwa milimita, na umri. Ukifika miaka 50 jedwali lenyewe linakushusha ngazi moja, ubao uachie mapema zaidi, kwa sababu mfupa si ule wa zamani. Nimekutana na wanawake wengi wanaoteleza kwa namba waliyowekewa wakiwa na miaka 40. Nenda dukani na viatu vyako, taja miaka 57 na taja muundi uliovunjika, ujitaje kuwa mtelezaji wa tahadhari hata kama moyo unakataa, na umwombe fundi avipime kwa mashine, si kwa kuzungusha bisibisi tu. Kila mwanzo wa msimu. Vifungio vilivyoboreshwa vimepunguza sana kuvunjika kwa miundi tangu miaka ya 1970. Kano za goti hazikupata bahati hiyo, kwa hiyo usiviamini kwa yote.

Kuna jambo moja ambalo sijaona likisemwa mara nyingi. Kiatu cha skii kinaishia katikati ya muundi, na mahali kinapoishia ndipo nguvu yote ya kuanguka mbele inapokusanyika. Chuma chako nacho kina ncha ya chini. Mwombe daktari akuonyeshe kwenye picha ncha hiyo iko wapi, chukua rula, kisha vaa kiatu nyumbani upime. Zikikaribiana, mfupa wako uko katikati ya vitu viwili vigumu, na hilo daktari anapaswa kulijua kabla hajasema "ruksa."

Chuma usikitoe ili uteleze. Skrubu zikitoka zinaacha mashimo, na mfupa wenye mashimo ni dhaifu mpaka yazibe, jambo linalochukua miezi, na kwako huenda zaidi. Kama kinakusumbua, kitolewe mwanzoni mwa kiangazi, msimu ukiwa mbali. Kama hakisumbui, zungumza na daktari juu ya kukiacha.

Shemeji yangu naye nimsemeshe kwa heshima. Hermann Maier aligongwa akiwa kwenye pikipiki Agosti 2001, nusura mguu ukatwe, na Januari 2003 akashinda mashindano ya skii ya Kitzbühel. Nami nilimshangilia. Lakini alikuwa na miaka 28 alipoumia, mifupa ya bingwa, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kupona. Tena hata yeye alikaa nje karibu mwaka na nusu. Shemeji akitaka kumtumia kama mfano, na autumie mfano mzima.

Ukifaulu hayo yote na daktari akakubali, Machi utakwenda hivi. Siku ya kazi, si Jumamosi. Sababu nyingine ya kuikataa wiki ya Krismasi ni umati. Sheria za milimani zinamtaka anayetoka nyuma achague njia ya kutomhatarisha aliye mbele, lakini kijana akikugonga mgongoni sheria haiungi pingili. Mteremko wa bluu, ule mwepesi, pamoja na mwalimu, hata kama unaujua mlima huo kama jikoni kwako. Usiende asubuhi baada ya ule upepo wenu wa joto, Föhn, kuyeyusha theluji na usiku kuigandisha kama kioo. Subiri saa nne, uso wa theluji uwe umelegea kidogo, na saa sita uwe umeshavua viatu. Wewe ulivunjika mwisho wa siku, na uchovu ndio unaopishanisha mbao. Vaa kofia ngumu, na kaptula yenye mito ubavuni chini ya suruali. Kamba za fimbo zisikae mikononi, zinaumiza kidole gumba. Na ukianguka, anguka. Usikalie visigino kujiokoa, usijitegemeze kwa mkono, usijaribu kuinuka kabla hujaacha kuteleza kabisa. Goti huchanika hapo, kwenye ubishi.

Ukiogopa pale juu, panda kebo ushuke nayo. Tiketi inaruhusu.

Kuhusu mjukuu, Krismasi hii mwambie ukweli wa umri wake: mguu wa bibi una chuma, na daktari hajatoa ruhusa. Nenda naye. Simama chini ya mteremko wa watoto, kwenye ule mkanda unaowapandisha, na viatu vyenye meno ya kuzuia utelezi. Umjue anavyogeuka, upande upi anaukwepa. Anahitaji mtu wa kumtazama, na babu yake atakuwa juu. Halafu Jumapili kukiwa kweupe mchukue kijijini Seefeld mkatembee kwenye njia zilizoshindiliwa. Mahali pale pamewahi kupokea mashindano ya Olimpiki mara mbili, 1964 na 1976, atafurahi kusikia.

Dada yako usigombane naye. Aliona mama akianguka na hukuwepo wewe. Anachokosea ni kudhani kukaa ndiyo kinga. Mwili uliowekwa kwenye kiti hupoteza mfupa na msuli, na siku ya kuanguka inakuja hapo hapo sebuleni. Ila nataka umpigie kwa jambo lingine. Ana miaka 63, mama yenu ni mmoja, na kipimo changu cha kwanza kwake hakihitaji mashine. Mwulize kama kanga inaburuta siku hizi, na kama amepungua urefu. Mwulize kama ana maumivu ya mgongo yaliyoanza ghafla siku aliyonyanyua ndoo. Akijibu ndiyo, aende hospitali kubwa apigwe picha ya mgongo, na amweleze daktari habari ya mama na habari yako. Dagaa na ulezi yeye anavyo mlangoni, na jua analo. Aondoe mkeka unaojikunja pale sebuleni, na aweke taa njia ya kwenda msalani.

Wewe piga simu kwa daktari wa meno kesho asubuhi, kabla ya daktari wa mifupa. Uniandikie baada ya kidonge cha kwanza.